Rafiki, fikira, fariki

Ijumaa usiku, nikishafunga duka la dawa na kuhesabu mauzo, huwa natega fumbo la jina la filamu kwenye grupu la familia. Tuko 12, tumetawanyika toka Morogoro mpaka Tanga, na shangazi yetu mkubwa ana papara ya kujibu kuliko watoto.

Nilianza kwa kufuta irabu. Niliandika KT KT, nikasubiri mtu ataje Kati Kati, ile filamu ya Kenya ya 2016 iliyoongozwa na Mbithi Masya. Majibu yakamiminika: kutu kutu, kata kata, kote kote. Kaka yangu akashikilia "kitu kitu", na kwa kanuni niliyoiweka mwenyewe sikuwa na hoja ya kumkatalia. Kiswahili kimebebwa na irabu, karibu kila silabi inaishia nayo. Ukizing'oa unabaki na mifupa ambayo unaweza kuivika nyama ya mnyama yeyote.

Nikahamia kwenye kuvuruga herufi. Nilikata boksi tupu la dawa vipande vidogo, nikaandika herufi moja moja kwa maka peni, nikavipanga juu ya kaunta. Mchana ule nilikuwa na RAFIKI, filamu ya Wanuri Kahiu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018. Vipande sita tu. Nikavisogeza, ikatoka FIKIRA. Nikavuruga tena: FARIKI. Tena: KAFIRI. Maneno manne kamili, hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua! Mteja akaingia kuulizia dawa ya kikohozi, nikamwonyesha vile vipande kwanza. Naye akainama akaanza kuvihamisha.

Si majina yote yanayokubali. BINTI ya Seko Shamte nimeigeuza wiki nzima, haijazaa neno. PUMZI vilevile. VUTA N'KUVUTE ina V mbili na U tatu, nimeiweka kando kwa uchungu maana naipenda sana filamu hiyo ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Lakini KATI KATI iliyonishinda mwanzoni ilikuja kunilipa: ukiipanga upya unapata KATA KITI.

Hata hivyo, kuvuruga herufi peke yake ni kazi ya mikono tu. Mfumbuaji anahitaji kamba ya pili ya kushika, nayo lazima itoke kwenye hadithi. Watu wa Kati Kati wamekwisha kufa, wanakaa pamoja kwenye loji moja porini. Basi nikatega hivi: "Kata kiti, kiunge upya; wageni wake wote wameshazikwa." Kila neno pale lina kazi. "Kata" na "kiti" ndizo herufi zenyewe, "kiunge upya" ni amri ya kuzipanga, na waliozikwa ni filamu. Mdogo wangu wa kike alilipata kabla chai yangu haijapoa, na nilifurahi kama nimelifumbua mimi.

Anayeshindwa hutoa mji, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye vitendawili kwa bibi. Shangazi kila akishindwa hutoa Pangani, na mtegaji akishafika Pangani lazima atueleze amekula samaki gani.

Ijumaa iliyopita nilituma A A F M T U. Nilikuwa nawaza Fatuma, filamu ya Tanzania ya 2018. Shangazi, anayeuza mihogo ya kukaanga, akawahi: MAFUTA. Nikamwambia, "Hapana shangazi, hilo si jina la filamu." Akanijibu, "Hesabu herufi, mwanangu." Nikahesabu. Zote sita zilikuwapo, na mimi niliyezituma sikuwa nimeliona neno hilo.

Jana akatuma sauti yake. Nyuma ilisikika mihogo ikikaangwa. "Kitendawili!" Tukaandika wote, "Tega!" Akasema: "Mafuta yamemwagika, yakizoleka, anasimama mwanamke."

Nimeliandika kwenye kipande cha boksi, nimekibandika ukutani juu ya kaunta, pale ninapokata vipande vyangu.