Theluji iliyogoma kuyeyuka
Jana jioni nimekwama Jangwani, mvua hii ya Machi mnaijua, daladala haisogei. Nikampigia mdogo wangu aliyeko Vermont, Marekani. Kumbe na kwao inanyesha! Siku ya pili mfululizo, joto nyuzi 10. Nikamwambia, basi theluji yenu kwisha habari yake. "Dada, hebu tazama," akageuza kamera: bado inafika magotini, imeshuka kidogo tu, imekuwa chengachenga kama chumvi ya mawe.

Nikabisha. Akanipa darasa: kuyeyusha kilo ya barafu kunakula joto lilelile la kupasha kilo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwa hiyo mvua ya nyuzi 10, hata ikishuka milimita 80, joto lake linayeyusha theluji ya kutoa maji milimita 10 tu. Na theluji nene yenye baridi ndani inayanywa hayo maji, yanaganda humohumo. Kinachoimaliza hasa ni upepo wa joto wenye unyevu.

Nikaikumbuka barafu ya wauza samaki pale Feri, inavyovumilia jua la Dar (sawa, wanaifunika gunia). Nataka kumwambia, konda akapiga kelele tushuke, maji yamefika mlangoni.