Nimeshuka shimo la Al Wahbah, na sio kimondo kilicholichimba

Nianze na nauli maana bado inaniuma. Tulipatana na dereva pale Taif, hapa Saudi Arabia, riyali mia nne kwenda shimo la Al Wahbah na kurudi, watu watatu, mimi na jamaa yangu wa Tanga na dogo mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi stoo moja Jeddah. Tumefika Umm ad Dum, kijiji cha mwisho mwisho kabla ya shimo, gari linawekwa pembeni, oh kusubiri sio bure, oh mafuta, ongezeni mia mbili au nageuza. Sasa hapo umeshatoka Taif kilomita kama 250, pande zote ni mawe meusi na mchanga, hakuna gari jingine linalopita, utabishana na nani? Tukatoa. Kwa kipato chetu hiyo mia mbili ni hela ya kutuma nyumbani kabisa.

Halafu tukafika na kwa dakika kadhaa hasira ikaisha yenyewe.

Lami inakwenda mpaka karibu na ukingo. Unatembea kwenye tambarare, hakuna mlima wa kukuandaa, hakuna dalili, mara ardhi imekwisha mbele ya miguu yako. Upana unapita kilomita 2, kina kama mita 250, kuta zimesimama wima na chini kabisa kuna uwanda mweupe unaoumiza macho. Dogo wa Mombasa alisema Allahu Akbar akanyamaza.

Dereva, huyo huyo wa mia mbili, akatuambia kwa uhakika kabisa kwamba hapa ilianguka nyota. Dogo akakubali hapo hapo, na kusema kweli ukiliangalia lilivyo la duara hivyo unaelewa kwa nini watu wamelisema jambo hilo miaka mingi, na sio wenyeji tu, hata wasomi waliwahi kubishana kama ni kimondo au ni volkano. Lakini mimi ni mtu wa Mbozi, mkoa wa Songwe, Tanzania. Nimekua naona kimondo chenyewe, tani zaidi ya kumi za chuma kimelala pale Ndolezi, nimekigusa kwa mkono, nimeona alama za misumeno ya watu waliotaka kukata vipande wakahangaika. Kwa hiyo mtu akiniambia kimondo, swali langu ni moja, chuma kiko wapi?

Ukingoni tulimkuta mzee wa Kisudani, mwalimu wa jiografia, na wanawe wawili, tukawa tunamwita mzee ustaadhi. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha kazini. Hakujibu, akasema shukeni na mimi nitawaonyesha.

Njia ya kushuka ni ya changarawe inayoteleza, kuna upande una mitende na majani mabichi kwa sababu maji yanachuruzika ukutani, kitu ambacho hukitegemei kabisa kwenye jangwa lile. Katikati ya njia ustaadhi akasimama kwenye tabaka moja la mwamba la rangi ya kahawia, akaniambia weka kidole. Ni majivu. Majivu yaliyoganda, na ndani yake vimejaa vipande vya mawe meusi na ya kijivu, vyenye kona kali, vimekaa kama karanga kwenye kashata. Akasema hivi vipande ni mwamba wa chini uliovunjwa na kurushwa juu. Akanionyesha ng'ambo ya pili mahali ambapo kilima cha zamani cha volkano kimekatwa nusu na mlipuko, unaona tumbo lake lote wazi, na chini yake basalti, mwamba mweusi wa volkano uliowahi kutiririka kabla shimo halijakuwepo.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Eneo lote hili ni ukingo wa Harrat Kishb, uwanda wa volkano. Miaka kama milioni 1.1 iliyopita magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inapanda, ikakutana na maji yaliyo chini ya ardhi. Maji yakageuka mvuke ghafla, mvuke hauna pa kwenda, ardhi ikalipuka, mawe yakaruka, kilichobaki kikaporomokea ndani. Wanajiolojia shimo la namna hii wanaliita maari. Na vitu ambavyo kimondo kingeacha, vipande vya chuma, fuwele za madini ya kwatzi zenye michirizi inayotokana na kishindo cha kuanguka, hapa havipo.

Kisha akatupa lile lililonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1932 Mwingereza anaitwa Philby alikwenda Rub al Khali, jangwa kubwa la kusini mwa Saudi Arabia, kutafuta mji uliopotea wa Wabar, akakuta mashimo, akadhani ni volkano. Kumbe yale ndiyo mashimo ya kimondo ya kweli! Yaani nchi moja, shimo la volkano linaitwa la kimondo na shimo la kimondo linaitwa la volkano. Wenyeji wao wana habari ya tatu, kwamba mlima Tamiya ulimpenda mlima Qatan, ukang'oka hapa ukaruka kumfuata, shimo ndipo ulipokuwa umekaa.

Kule chini chumvi imekauka vipande vipande, kingo zimejikunja juu, ukikanyaga inavunjika na chini yake tope linanasa kiatu. Joto ni la kuua. Kupanda ndiyo balaa, jamaa wa Tanga misuli ilimkaza akakaa chini akasema niacheni, maji yetu yameisha, watoto wa ustaadhi wakampa ya kwao bila hata kuombwa. Mtu akienda aende miezi ya baridi na abebe maji mara mbili ya anavyodhani.

Tukiwa tumekaa kivulini juu nikamweleza ustaadhi habari ya Mbozi. Alishtuka, akasema sisi tumelala kwenye shimo lisilo na kimondo na nyie mna kimondo kisicho na shimo. Ni kweli, pale Ndolezi hakuna shimo, wataalamu wanasema kilianguka zamani mno alama zikafutika. Nikamwambia pia Uganda kuna Katwe, nalo ni shimo la mlipuko wa volkano na lina chumvi, ila kule watu wanaingia majini wanaivuna na kuiuza, hapa imelala tu. Akaniuliza Mbozi serikali imejenga nini, wageni wanafikaje, nauli ngapi kutoka Mbeya. Nilijibu nilichojua na nikasikia uchungu, maana hili shimo lina lami mpaka mlangoni na watu wanatoka mbali kuja kuliona, na kwetu kuna kitu kilichotoka angani na nimekua na watoto wa mkoa huo huo ambao hawajawahi kupelekwa hata na shule.

Mkataba ukiisha narudi Songwe. Wadogo zangu nitawapeleka Ndolezi mwenyewe, kwa bodaboda kama hakuna gari.