Ndoo ya Vumbi la Mbao

Jioni hii nimekaa na fomu ya manunuzi ya robo mwaka, na mstari ulionikwamisha ni ule wa vitu vya kufyonzea kemikali zinapomwagika. Tangu niingie kazi hii mstari huo hujazwa jibu moja: vumbi la mbao. Tunalipata bure kwa mafundi seremala, na kila kona ya godauni letu hapa Shimanzi, Mombasa, ina ndoo yake. Kitu kikimwagika, mtu anachota, anamwagia juu, anafagia, basi.

Kwa oili ya foklifti sina ugomvi nalo. Lakini godauni letu si la oili peke yake. Tunaweka klorini ya mabwawa ya kuogelea inayokwenda hoteli za Nyali na Bamburi, ile kali ya chembechembe, kalisi hipokloriti. Upande wa pili wa ukuta kuna asidi hidrokloriki, nayo pia ni ya mabwawa. Kuna maji ya betri za malori, yaani asidi ya salfuriki. Na sasa wameleta dawa ya kung'arishia rimu za alumini, ambayo nitaisema baadaye kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Hipokloriti ni kemikali inayotoa oksijeni, na mbao hata ikisagwa ni kuni. Vikichanganyika, joto laweza kupanda lenyewe mpaka moto ukawaka bila kiberiti. Na vumbi letu si safi; mara nyingi limeshafagilia oili na kurudishwa ndooni, kwa ubahili tu. Kwa hiyo ile ndoo iliyo karibu na klorini, ambayo wakaguzi wetu wa ndani huitilia alama ya vema kila mwezi, mimi leo nimeiondoa. Klorini kavu ikimwagika haitaki kufyonzwa na chochote. Inataka koleo safi la plastiki, kavu, na chombo kingine safi, kikavu, wala hairudishwi kwenye mkebe wake. Koleo hilo lisitumike upande wa asidi kamwe. Vitu hivyo viwili vikigusana hutoka gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliifungulia wanajeshi kule Ypres mwaka 1915.

Niliposema nataka kuagiza mchanga wa machimbo, ami mmoja wa upakiaji alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mwanangu, wataka kampuni inunue mtanga nasi tuko pwani?" Ana haki ya kucheka. Basi tukafanya jaribio. Alikuwa na mchanga wa ufuoni kwenye debe la kuzimia sigara. Nikachukua kiganja kimoja, upande usio na vichungi, nikauweka kwenye kisahani cha kioo na kudondoshea maji ya betri, glavu mkononi na miwani machoni. Ukachemka. Povu jeupe likapanda kuzunguka vipande vya makombe na matumbawe, ami akarudi nyuma hatua mbili. Kisha ukatulia mapema kuliko alivyodhani.

Mchanga wetu wa ufuoni una chokaa ndani yake, ileile ya matumbawe yanayochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Asidi ikiigusa hutoka hewa ya ukaa, ndilo povu lile. Ungedhani ni heri, asidi inakufa. Lakini asidi ya salfuriki ikila chokaa huacha ganda la jasi juu ya kila chembe, na ganda hilo huizuia kuendelea. Povu limekwisha, asidi bado ipo, na mtu anaona kumetulia anainama kufagia. Mchanga wa machimbo hauchemki hivyo. Nao pia haunywi kitu, maji hukaa tu katikati ya chembe zake. Kazi yake ni kuzuia: unaumwaga duara kuzunguka dimbwi lisifike kwenye mfereji, halafu ndipo unafikiri la kufanya ndani ya duara.

Ndani ya duara, kwa asidi ya betri, nimeandika magadi. Yanatoka Ziwa Magadi, yanauzwa sokoni, na hakuna mtu godauni asiyeyajua kutoka jikoni kwao. Unayanyunyiza kutoka ukingoni kuelekea katikati, polepole, kwa sababu nayo hutoa povu na joto. Ukiyamwaga gunia zima kwa hasira, asidi itakurukia. Unaongeza hadi povu lisirudi hata ukikoroga, na bado unapima kwa karatasi ya pH, ile inayoonyesha kama asidi imekwisha, kabla ya kufagia.

Sasa ile dawa ya rimu. Nimesoma karatasi yake ya usalama, zile sehemu 16, na mle ndani kuna asidi hidrofloriki. Asidi hiyo hula kioo. Mchanga, udongo wa chembechembe na vamikulaiti (madini mepesi ya kufyonzea) vyote vina silika, kitu kilekile kinachotengeneza kioo, na asidi ikivikuta hutoa gesi yenye sumu. Yaani kitu ambacho kila kitabu kidogo cha usalama kinakuambia ni salama kwa kila kitu, hapa kinakuumiza. Kwa hiyo nimeomba padi za kufyonzea za polipropilini, aina ya plastiki, zilizotengenezwa kwa ajili ya kemikali, na jeli ya kalisi glukoneti, ya kupaka ngozi iliyoguswa na asidi hiyo, kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Kusema kweli, ningependa zaidi dawa yenyewe irudishwe ilikotoka. Rimu zinaweza kung'aa kwa sabuni na brashi.

Padi nyeupe, za oili tu, nimeziomba kwa ajili ya masika. Mvua ikigonga sehemu ya kupakulia, oili huelea juu ya maji, na vumbi la mbao hapo hujaa maji na kuacha oili ikienda zake kwenye mtaro. Padi hizi hukataa maji na kunywa oili. Meneja aliona bei akanyamaza, nikamwekea na makumbi ya nazi kwa karakana, yanayonyonya oili vizuri na yapo tele. Ila ni mmea, kwa hiyo hayapiti mlango wa klorini.

Kilichobaki ni yanakokwenda yote haya yakishatumika. Kitu kilichofyonza asidi bado ni cha asidi, na padi yenye petroli bado inatoa mvuke unaoshika moto. Sisi tulikuwa tukivitia kwenye pipa la taka za kawaida. Katika mji huu ambao watu wa mtaa wa Owino Uhuru waliugua kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, sioni vipi mtu ataendelea kufanya hivyo na kulala. Nimetenga dramu yenye mfuniko na lebo, na nimeandikia mbeba taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kuuliza bei. Hajajibu. Kesho nitampigia, nimuulize pia kama anapokea mchanga wa asidi na padi za oili kwenye dramu moja, maana nashuku atasema tutenge, na hapo itabidi nirudi kwa meneja kuomba dramu ya pili.