Krismasi Rombo wakati operesheni ya tumbo bado mbichi: nilikula nini njiani na nyumbani

Mchaga akikwambia Desemba hii haendi nyumbani ujue kuna jambo zito, na mimi sikutaka liwe jambo zito. Nilikuwa nimefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito mwezi na kitu nyuma, tumbo bado bichi kabisa, lakini Rombo nilikwenda na nikarudi salama bila kutapika, sasa nimeona niandike nilivyokula maana kabla ya safari nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa, ninayoyapata yote yanaongelea yogati ya Kigiriki na bata mzinga, we bata mzinga Korogwe unampata wapi.

Niliyofanyiwa mimi ni ile wanaita sliv, sio puto, watu wanachanganya sana. Puto wanaweka afu baada ya miezi wanalitoa, hii yangu wamekata kama robo tatu ya mfuko wa chakula wakaondoa moja kwa moja, kilichobaki kina umbo la ndizi na kinajaa kwa vijiko vichache tu. Kwa hiyo shida ya safari haikuwa njaa, njaa hata sikuwa nayo, shida ni namna ya kuingiza protini angalau gramu 60 kwa siku na maji kama lita moja na nusu kwenye kitu kidogo hivyo, ndani ya basi, kutwa nzima, afu siku zinazofuata kwenye nyumba ambayo kila anayeingia anapokelewa na sahani. Protini ndo inafanya kidonda kipone na mwili usianze kula misuli yake wenyewe, dada wa lishe alinirudia hilo mpaka nikaota.

Kabla ya kukata tiketi nilimuuliza daktari kwanza, na hata we usikurupuke, muulize wako. Wangu aliangalia hatua niliyofikia, nilikuwa nimeshapita ya vimiminika na ya vitu vya kusaga, niko kwenye vyakula laini, akasema nenda ila kitakachomuogopesha sio chakula ni damu kuganda miguuni maana baada ya operesheni hatari inakuwa kubwa na kukaa masaa mengi kwenye siti kunaizidisha. Akaniambia nivae zile soksi ndefu za kubana, nisimame kila inapowezekana, nichezeshe vifundo vya miguu. Nikachukua siti ya upande wa njia, na Desemba siti ya kuchagua unaikata mapema la sivyo unapewa ya nyuma kabisa juu ya tairi.

Sasa nije kwenye basi lenyewe. Mnajua basi linavyosimama, konda anapiga kelele dakika kumi na tano tu jamani, watu wanamwagika, huyu anakimbilia chipsi kuku, huyu supu, huyu kuchimba dawa, na wanarudi wanatafuna. Mtu mwenye sliv hawezi kula namna hiyo, ukila haraka kinakwama palepale kifuani, unaanza kutoa mate ya povu na safari imeharibika. Mi nikageuza. Basi likisimama mi sili, nashuka nachimba dawa, natembea kuzunguka basi mara kadhaa miguu ipate damu, nikipanda na gari likishakaa sawa barabarani ndo nafungua kikopo changu nakula taratibu wakati wenzangu wameshiba wamelala. Mlo mmoja nusu saa, kijiko cha chai, tafuna mpaka iwe uji ndo umeze. Hakuna anayekukimbiza.

Nilichobeba: usiku kabla nilichemsha samaki na tangawizi kidogo nikamtoa miiba, nikamponda na mchuzi wake, alfajiri nikampasha mpaka akachemka nikamtia kwenye hotipoti ndogo, huyo nilimmaliza kabla ya saa nne maana Dar na joto lile sitaki mchezo na samaki. Mtindi chupa mbili nilizigandisha kwenye friza nikazifunga na taulo, mpaka mchana zilikuwa zimeyeyuka ila bado za baridi. Parachichi moja lililoiva. Poda ya protini nimeipima kwenye vimfuko, hii ni bei ghali na ladha yake mimi siipendi, lakini ukiikoroga kwenye maji ya chupa inakuokoa siku ambayo chakula kimegoma kupita. Basi lenyewe lilitugawia soda na biskuti, zote hazinifai, soda gesi yake inajaza tumbo na sukari yake inaweza kukutoa jasho na kukupeleka mbio chooni, nikampa mtoto wa jirani akawa rafiki yangu mpaka Himo.

Ila mkombozi wa ukweli ni yai la dirishani. Kuanzia Segera mpaka Korogwe na Mombo vijana wanakimbia na ndoo za mayai ya kuchemsha, yai moja ni kama gramu sita za protini, limefungwa na ganda lake mwenyewe, hakuna aliyeligusa ndani, yani ukifikiria vizuri ndo chakula safi kuliko vyote stendi. Nilinunua yenye ganda zima lisilo na ufa nikamenya mwenyewe, kachumbari na pilipili nikakataa kwa sababu hiyo kachumbari imeoshwa na maji gani hatujui. Nikaanza na ute, vipande vidogo kama punje ya mhindi. Kiini kikavu kinakwama kwenye koo la mtu wa sliv kama hujui, mi nilikiponda na parachichi ndani ya kikopo kikawa laini, chumvi kidogo, aisee kitamu. Yai la kwanza nimelimaliza vizuri. La pili katikati pua ikaanza kuchuruzika. Hiyo kwa mwenye tumbo kama langu ndo kengele, wengine wanapata kwikwi, wengine wanapiga chafya, mimi pua. Pua ikilia naweka kijiko chini hata kama kimebaki kipande kimoja, simalizii eti chakula kisipotee.

Maji ni vita nyingine. Huruhusiwi kunywa ukiwa unakula wala muda mfupi baada ya kula, mimi niliambiwa nusu saa, na huwezi kugugumia, ni funda dogo dogo. Ukichanganya na uoga wa wanawake wa kunywa maji kwenye basi kwa sababu ya choo, unafika Moshi umekauka. Niliweka alamu kwenye simu ikilia nanywa mafunda mawili matatu, na choo nikajisemea nitachimba dawa porini kama kila mtu, khanga ninayo.

Nyumbani sasa. Kule kwetu mtu akipungua ghafla watu hawasemi umependeza, wanaanza kuhesabu magonjwa. Nimeshuka tu kwenye boda shangazi amenishika mikono yote miwili ananiangalia juu mpaka chini.

"Mwanangu mbona umekwisha hivi, unaumwa?"

"Siumwi shangazi, nilifanyiwa operesheni ya tumbo, daktari kanipangia nile kidogo kidogo na vitu laini."

"Operesheni! Pole mama. We Manka, mtengenezee dada yako mtori."

Na hapo ndo mchezo uliisha. Sikusema ya kupunguza uzito, sikudanganya pia, ni operesheni na ni ya tumbo. Ningesema niko dayeti ningelishwa kwa nguvu na kuchekwa juu, ila aliyetoka operesheni anauguzwa, na mtori kwetu ndo chakula cha mzazi na mgonjwa tangu enzi. Mama na mdogo wangu walikuwa wanajua yote, wengine wote hiyo sentensi moja iliwatosha. Hii naona ni muhimu kuliko vyakula vyote nilivyobeba, pangeni sentensi yenu kabla hamjafika.

Mtori lakini nao usiumeze kichwa kichwa. Ni ndizi na nyama zimechemshwa pamoja mpaka zimelegea afu zinapondwa, kwa hiyo ulaini upo ila ukipewa wa kawaida unakuwa ndizi nyingi nyama ya kunusa, na ndizi ni wanga. Nilikaa jikoni na Manka nikamwambia tufanye kinyume, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ichemke peke yake kwanza masaa hata mawili mpaka ikiguswa inachambuka, tuichambue nyuzi nyuzi na kuitwanga kwenye kinu kidogo, ndo tuweke ndizi chache, kitunguu, karoti, tuponde yote pamoja, mafuta tuyaengue juu. Ukatoka mzito wa rangi ya nyama, nikala bakuli la mtoto kwa kijiko cha chai, na kila baada ya masaa matatu hivi narudi jikoni kwa kingine kidogo. Shangazi akiniona nakula tena na tena roho yake imetulia, hajui kwamba yote ya siku nzima haijazi sahani yake moja. Kiburu, yani ndizi zilizopikwa na maharage, nilikionja tu, maharage yake yalikuwa na maganda magumu. Maziwa ndo yalinibeba, glasi moja ina kama gramu nane za protini na kule ni ya ng'ombe wa zizini, nayachemsha, natoa utando wa juu, nakunywa kabla ya kulala.

Siku ya Krismasi yenyewe mbuzi alichinjwa. Nyama choma sikugusa, hata ikiwa laini kwa meno yenu kwangu bado ni kamba. Nilichoomba ni kipande kidogo cha ini likichemshwa na supu iliyochujwa, wanaume waliokuwa kwenye moto wakacheka kidogo wakanipa. Kisusio nilikipisha, damu na utumbo kwenye tumbo linalojifunza kazi upya hapana. Mbege ikaanza kuzunguka, na mbege huwezi kuikataa kwa maneno mengi, mzee anakunyooshea kata mbele ya watu. Pombe baada ya operesheni hii inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani na mi nilikatazwa kabisa kwa miezi ya mwanzo. Nikaipokea kata kwa mikono miwili, nikasema baba mdogo niko kwenye dozi, nikampa aliyefuata. Hakuna Mtanzania anayebishana na mtu aliye kwenye dozi. Na kweli nilikuwa nayo, vitamini zangu nilizibeba za siku zote na akiba juu, asubuhi zenye madini ya chuma, kalsiamu mchana na jioni, hizi mbili zinapishana angalau masaa mawili maana kalsiamu inaizuia chuma isifyonzwe vizuri.

Kuna siku kichwa kiliuma, binamu akaniletea diklofenaki kwa upendo kabisa. Hizo na ibuprofeni nimekatazwa, zinaweza kuchimba vidonda tumboni, nikameza parasetamo iliyosagwa. Wekeni dawa yenu kwenye pochi, kijijini utapewa iliyopo.

Na jambo la kujua kabla hujatoka ni hospitali iko wapi. Mi nilikuwa na namba ya daktari, karatasi ya hospitali inayoonyesha operesheni gani nimefanyiwa na lini, na nilijua hospitali ya KCMC kule Moshi ni mwendo gani kutoka kwetu kwa gari. Kutapika mara moja kwa sababu umekula haraka ni kawaida, ila ukiona unatapika siku nzima, hata maji hayakai, au una homa, au maumivu makali ya tumbo, au mguu mmoja umevimba, au kifua kinabana pumzi inakata, hiyo sio ya kusubiri sikukuu ipite. Kutapika kwa muda mrefu kunamaliza vitamini B1 mwilini na madhara yake yanakwenda mpaka kwenye mishipa ya fahamu.

Kurudi Dar ilikuwa rahisi kwa sababu nilishajua mwendo. Mama alinichemshia mayai ya kienyeji, akafunga mtori kwenye hotipoti, na mkungu wa ndizi ambao sijui alifikiri nitaula na nani. Dada wa siti ya jirani alinitazama kuanzia Mwanga, tulipokaribia Mombo uvumilivu ukamshinda akaniuliza samahani dada hilo yai ni lile lile? Nikamwambia ni lile lile. Akanikaribisha chipsi zake, nikamshukuru, nikampa ndizi tatu kwenye ule mkungu na za konda nikamtengea pembeni.