Maji yakichimbuka sakafuni, plasta haisaidii

Kwa wenzetu wa bonde la Msimbazi na mitaa mingine ya mabondeni Dar: maji yakitokeza sebuleni masika, usikimbilie plasta. Yanasukuma kutoka chini, yataibandua tu. Yashushe kwanza, yaani punguza kina cha maji ya ardhini kwa mtaro wenye bomba.

Chimba mtaro wa kina cha sentimita 60, mita 1.5 kutoka ukutani, na usipite chini ya kitako cha msingi. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita. Mpira wa maji wa fundi, ule mwangavu wa kupimia usawa, unatosha kupimia. Tandika kitambaa cha kuchujia, kokoto zilizooshwa, bomba la inchi 4 lenye matundu, kokoto tena, kisha kunja kitambaa juu. Bila kitambaa, mchanga utaziba kila kitu. Matundu yatazame chini! Yakitazama juu, maji lazima yapande hadi juu ya bomba ndipo yaingie, na sakafu yako imeshalowa.

Kubaliana na majirani mtaro unaishia wapi. Tafadhali, usiuelekeze uani kwa mtu.

Na tangi la choo, hasa la plastiki, usilinyonye likawa tupu wakati wa masika. Likiwa tupu, maji ya ardhini huliinua, likaelea na kung'oa mabomba.