Vileni viwekwavyo mbele yenu

Somo: Luka 10:5–9

Bwana asifiwe, wapendwa. Tazameni mpangilio wa somo letu. Wale wanafunzi sabini waliotumwa na Yesu wanaingia nyumbani kwa salamu ya amani, wanakaa, wanakula wanachopewa. Kuponya wagonjwa kunakuja aya ya tisa, baada ya chakula.

Anayekwenda kujitolea katika kijiji cha Samoa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, tuseme kufundisha shule ya msingi, huishi muda mrefu kwenye aya ya nane, ile ya kula kilichowekwa mbele yake. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Injili yenyewe. Mmisionari John Williams alifika Sapapali'i, kisiwani Savai'i, mwaka 1830, akaondoka mapema. Waliobaki ni walimu wa Kipolinesia, wageni wa chifu Malietoa, wakila magimbi ya wenyeji.

Nyumba ya kupokelea wageni, fale, ni nguzo na paa, haina kuta. Ukiingia, kaa mkekani umekunja miguu. Magoti yakichoka, unaweza kuinyoosha, ila ifunike kwanza kwa mkeka au lavalava (ndugu yake kikoi), maana nyayo tupu kumwelekea mtu ni utovu wa adabu. Ukipita mbele ya waliokaa, inama useme "tulou", yaani samahani. Usizungumze na wazee umesimama.

Jioni ni sā, saa ya sala. Baragumu hupulizwa, au mtungi mtupu wa gesi hugongwa. Kwa kawaida ishara ya kwanza inakurudisha nyumbani, ya pili inaanza sala, ya tatu inaimaliza; dakika kumi hadi ishirini hivi. Vijana husimama barabarani kuhakikisha hakuna anayepita. Ikikukuta njiani, ingia nyumba iliyo karibu ukae. Saa hutofautiana kijiji na kijiji, kwa hiyo uliza siku ya kwanza. Mgeni akikaidi, aibu huiangukia familia iliyompokea.

Jumapili vijana huamka kabla ya mapambazuko kuwasha umu, jiko la mawe ya moto. Mawe hupangwa juu ya kuni. Kuni zikiisha kuungua, makaa huondolewa, mawe yakasawazishwa, na juu yake huwekwa magimbi, mashelisheli, samaki na palusami, kisha majani mengi ya kufunikia. Palusami ni majani machanga ya magimbi, manne au matano kiganjani kama kikombe, yakitiwa tui zito, chumvi na kitunguu, halafu kufungwa. Jani likitoboka, tui lote linamwagika kwenye mawe. Mawe yasipokolea moto ni balaa kubwa zaidi: majani ya magimbi yasiyoiva huwasha koo. Mgeni ajitolee kukuna nazi. Kazi hiyo haina anayeigombania!

Baada ya ibada huja to'ona'i, mlo mkuu wa wiki, na hapa ndipo wengi wenye moyo mwema hujikwaa. Mgeni hupakuliwa kwanza pamoja na wazee, chakula kingi kupita tumbo lake, huku watoto wakipepea nzi kando. Yeye, akidhani sahani tupu ndiyo shukrani, anajilazimisha kumaliza. Kumbe wale wanaopepea bado hawajala, na kitakachobaki ndicho chao. Kukataa chakula nako kunamvunja moyo mama mwenye nyumba. Onja kila kitu, ushibe magimbi, na kile kipande kizuri cha samaki kiache palepale.