Anayeuza tiketi ndiye alipe

Uwanja wa mji wetu unakodishwa. Uvumi ulianzia sokoni, ukapanda mpaka kwenye foleni ya kinu, na safari hii haukuwa uvumi mtupu. Rasimu ya mkataba ipo, nimeisoma. Miaka 10. Mwenye zabuni atazungushia ukuta, atajenga vyoo, ataweka vibanda vya biashara upande wa barabarani, na yeye ndiye atakayekusanya ada za uwanja na kuwasilisha kwa baraza la mji kiasi walichokubaliana kila mwezi. Jedwali la ada liko ukurasa wa mwisho: timu yoyote, shilingi 30,000 kwa saa mbili. Harusi, matamasha na mikutano ya hadhara, bei ya kuelewana.

Hiyo bei ya kuelewana ndiyo iliyonipandisha mori. Mwenye tamasha anayejaza watu na kuuza tiketi mlangoni anakaribishwa kiti, anapewa soda, mnaelewana. Msichana wa miaka 12 aliyekuja na mpira uliobanduka ngozi, huyo bei yake imepigwa chapa kabisa, haina mjadala.

Mimi ni fundi cherehani. Jioni nikishafunga duka nafundisha wasichana netiboli. Mji wetu ni mdogo, uko huku Nile Magharibi, Uganda, na jina lake silitaji kwa sababu leseni yangu ya biashara inagongwa muhuri katika ofisi hiyo hiyo. Anayeujua ataujua.

Nguzo zetu za magoli ni bomba za maji zilizochomelewa na fundi wa baiskeli, na kila moja imesimamishwa ndani ya rimu ya gari iliyomiminwa saruji. Tulizipima: mita 3.05, kama sheria ya mchezo inavyotaka. Kila jioni tunaziviringisha kuzirudisha stoo, maana zikilala nje zitaamkia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Pete ya goli moja imepinda upande wa kushoto. Wasichana wangu wamezoea kuipitishia mpira kuliani, na nina hakika ndiyo sababu tukienda ugenini tunakosa magoli ya bure mbele ya watu. Lakini wanacheza. Wanamjua mchezaji wa netiboli Peace Proscovia kwa kuwa ni mtu wa kwetu huku, na wanajua kwamba mwaka 2023 She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza wa tano kwenye Kombe la Dunia kule Cape Town. Ukiwauliza nani waziri wa michezo watakutumbulia macho.

Sasa tupige hesabu. Tunafanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Hiyo ni 90,000 kwa wiki, 360,000 kwa mwezi, kabla hujanunua mpira wala kulipa nauli ya kwenda kucheza nje. Mama zao wengi wanauza mihogo na samaki wakavu. Hakuna timu hapo.

Nisieleweke vibaya, baraza nalielewa. Kodi ile ya kichwa iliondolewa mwaka 2005, na wazee waliokuwa wakijificha vichakani wakiona askari wa gombolola, yaani wa tarafa, walishangilia kwa haki. Ila mabaraza yalibaki na mifuko mitupu. Mwaka 2008 ikaletwa kodi ya huduma za mitaa, ambayo kwa mji kama wetu inawagusa walimu, wauguzi na wenye maduka wachache. Fedha kutoka Kampala nyingi zinafika zikiwa zimeshaandikiwa kazi yake: hizi za shule, hizi za zahanati, hizi za barabara. Karani wa mji, ndiye mtendaji mkuu wa baraza, akitaka kununua hata taa ya mtaani anaangalia soko, paki ya magari, machinjio. Na sasa ameuangalia uwanja.

Sheria nayo inamruhusu. Katiba, ibara ya 191, inazipa serikali za mitaa mamlaka ya kutoza na kukusanya ada kwa kufuata sheria za Bunge. Kukodisha pia kunaruhusiwa, ila chini ya sheria ya manunuzi ya umma ya 2003 kukodisha mali ya umma kunahesabiwa sawa na kuiuza: ni kuiondoa mikononi mwa umma, kwa hiyo kwa kawaida panatakiwa ushindani wa wazi, watu waone tangazo, na mwenye kutaka aombe. Kwa hiyo sina ugomvi na swali la kama baraza linaweza. Linaweza. Ugomvi wangu ni nani anatozwa pesa.

Nilipoomba nakala ya rasimu niliambiwa ni siri ya baraza. Nikaandika barua nikitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2005, ambayo inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Barua ilikuwa fupi, nimeiandika kwa kalamu nyuma ya kaunta yangu huku mteja akisubiri kupindiwa suruali. Walijibu ndani ya muda, nawapa haki yao. Ukurasa wa ada tu ndio haukuwemo. Huo niliupata kwa njia nyingine, na aliyenipa asisumbuliwe.

Kisha nikaenda kwenye kikao. Sisi raia tunaruhusiwa kukaa benchi la nyuma na kusikiliza, kusema haturuhusiwi. Diwani mmoja alisimama akasema uwanja hauna faida, unaota majani tu na mbuzi wanashiba. Wakacheka. Halafu akasimama diwani wa viti vya wanawake, ambaye kwa kawaida hasemi sana.

"Mheshimiwa Spika, majani hayo atakuwa anayafyeka nani?"

"Mwekezaji," akajibu karani.

"Asipofyeka?"

"Mkataba utasema, mama."

"Ninao hapa mkononi. Unasema wapi?"

Karatasi zikaanza kupekuliwa. Walipekua kwa muda hadi Spika akasema tupumzike chai. Kifungu hicho hakikuwepo, wala cha nani ataingia bure, wala cha kuitazama upya ada kabla ya miaka 10 kwisha. Kulikuwa na kifungu kirefu sana kuhusu rangi ya ukuta.

Watetezi wa mpango huu wanatupigia mfano wa uwanja wa Nakivubo, na mfano wenyewe si mbaya. Uwanja ule wa Kampala, uliowekwa kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ulikabidhiwa mfanyabiashara Hamis Kiggundu, ukabomolewa 2017, ukafunguliwa tena 2024 ukiwa na majukwaa mapya na maduka yamezunguka. Ni mzuri, nimeuona. Lakini Nakivubo uko ubavuni mwa soko kubwa la Owino, watu wanamiminika kutwa nzima, na maduka yanaweza kubeba gharama. Sisi vibanda vyetu vya barabarani vitapata wateja siku ya soko tu. Siku nyingine zote mwekezaji atatafuta pesa yake pale ilipo karibu, na karibu yake tutakuwa sisi na nguzo zetu za bomba.

Mzee mmoja aliyekuwa golikipa wa timu ya mji zamani alinifuata nje wakati wa chai. "Mwanangu," akaniambia, "ukiwaambia wasikodishe watakuita mpinga maendeleo. Waambie wakodishe vizuri." Nikaona amenipa barua yangu ya pili.

Ndivyo nilivyoandika. Wakodishe, lakini saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, mlango uwe wazi kwa watoto bila senti, na saa hizo ziandikwe ndani ya mkataba, zisiachwe kwenye ahadi ya mdomo. Anayeuza tiketi alipe sehemu ya mapato ya mlangoni, na kitabu cha tiketi kigongwe muhuri wa baraza kabla ya tamasha ili baadaye tusiambiwe waliingia watu 40. Timu za wakubwa zenye wadhamini zilipe ada inayojulikana, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Na miaka 10 ni mingi kwa mtu ambaye hatujaona akifyeka hata robo ya uwanja; apewe mitatu kwanza. Wazazi wametia sahihi, wengine kwa dole gumba, na yule diwani ameahidi kuiwasilisha.

Mkataba umerudishwa kwenye kamati. Sheria inalitaka baraza likutane angalau mara moja kila miezi miwili, kwa hiyo hauwezi kulala huko milele. Wakati huo huo nawaomba mnaosoma hapa: kama mji wenu, uwe Koboko, Busia, Hoima au kokote, ulikodisha uwanja na ukaandika saa za watoto kwenye mkataba, nitumieni picha ya kifungu hicho. Karani wetu anapenda kuona muhuri wa mji mwingine kabla hajaamini.